Mguu wa Kusimamia

Mnunuzi wa kiatu cha kuchezea mpira hushika kwanza cha kulia. Kavinya alikuwa ameliona hilo kwa miaka katika kibanda chake cha mitumba katika soko la Gikomba, upande wa kutokea Majengo, na akapanga biashara yake ipasavyo. Cha kulia alikisugua kwa mswaki na sabuni mpaka kikang'aa. Cha kushoto alikipangusa tu. Mteja alikunja cha kulia, akabonyeza ncha, akakinusa, akauliza bei. Kufikia wakati wa kuvaa cha kushoto, maneno yalikuwa yameshamchosha na alitaka kwenda zake. Na kumbe ukweli ulikuwa kwenye hicho cha kushoto. Watu wengi hupiga kwa kulia, na anayepiga kwa kulia huuachia mguu wa kushoto kazi ya kuubeba mwili mzima. Soli ya kushoto huliwa ukingoni, kisigino kikalala upande. Cha kulia huchubuka juu tu, pale kamba zinapokaa. Kavinya aliyajua hayo na hakumtangazia mtu. Mwenye macho angeangalia mwenyewe.

Yeye pia alikuwa mtu wa kulia, na hakuwahi kujiuliza kwa nini. Alizaliwa Makadara, chumba kimoja, watoto watano, baba yao akiwa Ndete mchonga vinyago kutoka Wamunyu, aliyechonga twiga na vifaru kutwa nzima kwa ajili ya watalii asiowaona. Watoto walicheza mpira wa juala, mifuko ya plastiki iliyofungwa kwa kamba, kwenye ujia uliopita kati ya nyumba. Upande wa kushoto wa ujia ulikuwa mtaro wa maji machafu. Aliyenyoosha mguu wa kushoto alirudi nyumbani ananuka na akachapwa. Basi Kavinya akapiga kwa kulia, akapiga kwa nguvu, mpaka kaka zake wakawa wanamchagua kabla ya wavulana wengine. Shule ilipoisha mapema, kama shule za watoto wa mchonga vinyago zinavyoisha, akaenda soko la Muthurwa kuuza soksi na mama yake. Kutoka soksi akaingia viatu. Alinunua robota, furushi zito la mitumba lililofungwa bila kuonyesha kilicho ndani, akishirikiana na wenzake wawili, baadaye akanunua peke yake. Kibanda kiliungua, akajenga. Kikaungua tena, akajenga tena na hakulia, kwa sababu kilio hakiezeki mabati.

Jumapili baada ya kanisa ndipo alipokuwa mtu mwingine. Wanawake kadhaa wa Gikomba walikuwa na timu, wakaiita Robota, na walicheza mpira wa ndani, watano kwa watano, katika ukumbi wa mtaa kule Umoja, karibu na Mowlem. Ukumbi wenyewe ulikuwa wa sakafu ya saruji iliyopakwa rangi ya kijani, rangi imebanduka mabaka mabaka, na kuta zimekaribia mistari hivi kwamba mtu akikosea anakwaruzwa bega. Mpira ulikuwa mdogo, mzito, usiopenda kuruka. Kapteni alikuwa Waringa, muuza mapazia, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita mteja aliye ng'ambo ya barabara. Kavinya alikuwa mfungaji. Hakuwa akienda kule kutafuta furaha. Neno hilo aliwaachia watu wenye nafasi. Alikwenda kwa sababu ile ilikuwa saa moja katika juma zima ambayo hakuna aliyemuuliza bei.

Kisha, wakati wa mvua za masika, vijana wa mkokoteni wakaachia robota likiwa bado mikononi mwao nusu, likamwangukia mguu wa kulia, juu, pale kamba zinapokaa. Mifupa ilipasuka. Iliunga, maana mifupa huunga, lakini daktari alimwambia asahau kuupigia kitu mguu ule. Kutembea, sawa. Kukimbia kidogo, sawa. Kusimama kutwa kibandani, ajaribu. Kupiga, hapana.

Alirudi ukumbini Jumapili moja, akafunga kamba, akaujaribu mpira kwa kulia licha ya daktari. Maumivu yalipanda mpaka kwenye meno. Akaketi chini palepale, na Waringa akaja akachuchumaa mbele yake.

"Mama Mutunga, tusidanganyane," Waringa akasema, akimwita kwa jina la mwanawe.

"Nani anakudanganya, Mama Sydney? Nimeteleza."

"Umeteleza ukiwa umesimama?" Waringa akaangalia upande wa pili wa ukumbi, ambako msichana mmoja, Tiffany, msusi wa nywele kutoka Mowlem, alikuwa akiurusha mpira kutoka mguu huu hadi ule. "Yule anapiga kwa miguu yote miwili. Nitamweka mahali pako. Wewe njoo tu kila Jumapili, hatukufukuzi. Utamsaidia Ndinda."

Hapo ndipo Kavinya alipoelewa, na uchovu ukamwingia kama maji kwenye kiatu. Ndinda alikuwa mama wa chai. Zamani alikuwa beki mzuri, mgongo ukamkataa, na kwa desturi ya Robota mchezaji asiyeweza tena kucheza haketi kwenye benchi. Benchi ni la wachezaji. Yeye huja na chupa ya chai, hushika simu na mikoba ya wenzake, hutuliza watoto wa watu, na husema "poleni" mwishoni. Ndinda alikuwa ameizoea kazi ile mpaka akawa analeta na mandazi. Wanawake walimpenda. Lakini hakuna aliyemwita tena kwa jina lake uwanjani, walimwita Chai.

"Sijafa mguu wa kushoto," Kavinya akasema.

"Wa kushoto?" Waringa akacheka. "Huo ni wa kupandia basi."

"Nipe mpaka mashindano yakaribie. Nikifunga kwa kushoto kutoka alama ya pili ya penalti, ile ya mbali, nabaki."

"Mara ngapi?"

"Tatu kwa tano."

"Nne."

"Tatu, Mama Sydney. Hata Tiffany hafungi nne."

"Ifrah akiwa golini?"

Ifrah alikuwa kipa wao, muuza masanduku ya safari, mwenye hijabu iliyobana vizuri na mikono mirefu isiyo na huruma. Kavinya akatoa kiganja. "Ifrah akiwa golini."

Wakapigana kiganja. Mapatano yalikuwa yamefungwa mbele ya watu, na kwa wanawake wa Gikomba kiganja kilichopigwa mbele ya watu hakirudishwi.

Nyuma ya kibanda chake kulikuwa na ukuta wa stoo. Asubuhi, kabla ya wateja, Kavinya alichora goli kwa chaki, akaweka mpira chini, akarudi nyuma, akapiga kwa kushoto. Mpira ulikwenda pole pole kando ya chaki, kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya anayemdai. Akapiga tena. Ukaenda kando ya pili.

Alipopiga kwa kulia siku zake nzuri, hakuwahi kufikiri. Mguu ulirudi nyuma wenyewe, nyonga ikazunguka, mkono wa upande wa pili ukaruka nje kuweka mizani, na mpira ulikuwa umeshaondoka kabla hajajua ameamua. Kwa kushoto kila kitu kilisubiri amri. Goti lilitangulia, nyonga ikagoma kama mlango wenye bawaba zenye kutu, na wayo ukafika umechelewa, umelegea, ukaugusa mpira badala ya kuupiga. Nguvu ilipotea njiani, na akiilazimisha, mwelekeo nao ukapotea.

Aliulaumu mguu wa kushoto kwa majuma. Aliutukana kwa Kikamba, kwa Kiswahili, na kwa lugha ya vijana wa mkokoteni. Mpaka asubuhi moja, akiwa amechoka hata kutukana, akakiona kivuli chake ukutani na kuona ni mguu wa kulia unaotetemeka. Mguu wa kulia haukujua kusimama! Maisha yake yote ulikuwa unakwenda, unapiga, unasifiwa. Kazi ya kubaki chini na kubeba mwili ilikuwa ya mwenzake. Sasa ulipoambiwa ubaki, ulitua mbali mno na mpira, au karibu mno, na goti likacheza kama mti wa hema. Mguu wa kushoto ungepigaje vizuri juu ya msingi wa namna ile?

Basi akaacha kufundisha mguu wa kushoto, akafundisha wa kulia. Alisimama kwa mguu huo mmoja akihudumia wateja, huku ameshika kiatu mkononi, goti limekunjwa kidogo. Mguu ulimuuma jioni, ukavimba, akauweka kwenye beseni ya maji ya chumvi, kesho yake akasimama tena. Mteja mmoja alimwona anayumba vile, akadhani ana haraka ya choo, akakataa kuongeza hata kidogo kwenye bei yake.

"Nenda tu, mama, nenda," yule mteja alimwambia. "Ukirudi utanikuta hapa na bei yangu ileile."

"Rudisha kiatu," Kavinya akajibu bila kushusha mguu. "Na choo ni kule."

Pole pole mguu wa kulia ukajifunza kutua kando ya mpira na kunyamaza. Na ulipotulia, wa kushoto nao ukapata pa kuzungukia. Haukuwahi kuwa mkwaju wa kulia. Ulikuwa binamu yake maskini, lakini ulijua njia ya nyumbani. Chaki ya ukutani ikaanza kufutika mahali alipotaka ifutike.

Jumapili ya majaribio ikafika. Mechi ya kwanza ya mashindano ilikuwa ya juma lililofuata, dhidi ya akina mama wa Muthurwa. Robota wote walisimama kando ya mstari, Ndinda na chupa yake ya chai wakiwamo. Ifrah akavaa glavu. Kavinya akaenda kwenye alama ya pili, ile ya mbali na goli, akanyoosha mkono apewe mpira auweke.

Waringa hakumpa. Alisimama pembeni, akauviringisha kwenye sakafu.

Kavinya akauacha upite. "Wee! Weka chini."

"Nani alisema niuweke?"

"Tulikubaliana alama ya pili."

"Alama ya pili, ndiyo. Mguu wa kushoto, ndiyo. Tatu kwa tano, ndiyo. Ifrah golini, ndiyo. Kutulia sikusikia." Waringa akawageukia wenzake. "Kuna aliyesikia kutulia?"

Hakuna aliyesikia. Mmoja akapiga mbinja. Ifrah, kutoka golini, akasema, "Wallahi, Kavinya, leo umenunua robota bila kulifungua."

Walicheka, na Kavinya angecheka pia kama lingekuwa la mwingine. Miaka yote sokoni, hakuwahi kupiga kiganja kabla ya kutaja hali ya mzigo. Lakini alikuwa amepiga mpira uliotulia ukutani asubuhi zote zile kwa sababu hakuwa na wa kumviringishia, na akasahau kwamba kuna mwingine. Kiganja kilikuwa kimepigwa. Hakubisha.

"Viringisha," akasema.

Wa kwanza ulimpita chini ya wayo, akapiga hewa. Mpira uliotulia humngoja mtu apange mguu wake wa kusimamia, huu haukumngoja. Alipotua mguu wa kulia, mpira ulikuwa umeshapita mahali alipoulengea. Wa pili aliukuta, lakini kwa upande wa nje, ukagonga ukuta wa pembeni. Wa tatu ulikwenda golini taratibu, Ifrah akaudaka kama anayeokota nyanya iliyoanguka kwenye kikapu. Wa nne, Mungu anajua vipi, aliukamata sawasawa, ukaingia chini kwenye pembe, na hata Waringa akaguna. Wa tano aliuharakia.

Moja kwa tano.

Tiffany akaja akamshika bega kama mtu na mama yake. "Si mbaya, mathe. Usijiumize bure."

"Sikuuviringisha kukukomoa," Waringa akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. Yeye naye alikuwa amechoka. Alikuwa na watu wa kuwalisha na timu ya kuibeba. "Lakini kwenye mechi, dada yangu, ni nani atakuwekea mpira chini akungoje?"

Kavinya aliketi kwenye sakafu na mgongo ukutani. Mguu wa kulia ulipwita. Ndinda akaja akamwinamia, akammiminia chai kwenye kikombe cha plastiki.

"Kunywa. Upande huu si mbaya," Ndinda akasema kwa upole. "Chupa yenyewe si nzito. Tutakuwa tunapokezana."

Ni upole ule uliomuumiza. Alikishika kikombe, hakukinywa. Alikiangalia kijimvuke chake na kulirudia swali la Waringa, kama mtu anavyorudia bei aliyotajiwa akitafuta mahali pa kuichokonoa. Ni nani atakuwekea mpira chini akungoje? Hakuna. Hakuna, isipokuwa refa.

Akaweka kikombe chini.

"Mama Sydney. Refa huweka mpira chini mara ngapi?"

"Refa gani?"

"Refa yeyote. Penalti, mpira umetulia. Faulo, umetulia. Ukitoka nje, unarudishwa kwa mguu, umetulia. Na timu ikishamaliza faulo zake tano, kila nyingine ni mkwaju wa alama ya pili, bila ukuta wa wachezaji. Umetulia. Mwaka jana na hawa hawa wa Muthurwa, nani alipiga ule wa mwisho?"

Wa mwisho alikuwa ameupiga Tiffany, kwenye mechi yake ya kwanza, ukapaa juu ya goli.

"Ai, mathe, mbona unaniingiza?" Tiffany akalalamika.

"Sikulaumu. Mpira ukikimbia huna wakati wa kuogopa, unapiga. Ukitulia unafikiri mno. Mimi ni kinyume chako." Kavinya akainuka kwa kujishikilia ukutani. "Na mpira wa ndani mtu huingia na kutoka atakavyo, hata mara ishirini. Niite ukitulia. Nipige, nitoke. Tiffany arudi."

"Hiyo ni bei mpya," Waringa akasema.

"Ndiyo, ni bei mpya. Ya zamani nimeshindwa, sijakataa."

"Na nikikataa?"

"Utakataa baada ya kuuona mzigo. Safari hii nimeufungua." Akamgeukia Ifrah. "Rudi golini."

Akaweka mpira mwenyewe. Alirudi nyuma hatua zake chache, akaja, mguu wa kulia ukatua kando ya mpira na kunyamaza. Mkwaju wa kwanza ukaingia. Wa pili ukaingia. Wa tatu Ifrah aliusukuma kwa kidole, hata hivyo ukaingia. Wa nne Ifrah aliuokoa na akaushangilia kama harusi. Wa tano ukaingia chini, si kwa nguvu kubwa, ila mahali ambapo mikono ile mirefu haikufika.

Waringa alitafuna shavu lake kwa ndani. Kavinya alikuwa amemwona akifanya vile mbele ya wateja wa mapazia, na alijua ni wakati wa kunyamaza.

"Hutakimbia," Waringa akasema hatimaye. "Ukishapiga, unatoka. Usianze kunizungukia uwanjani."

"Sitazunguka."

"Ukikosa miwili mfululizo, basi."

"Mitatu."

"Miwili, Mama Mutunga."

"Haya. Miwili."

"Na ukiwa umekaa tu, utashika simu za watu. Ndinda ana mikono miwili tu."

Kavinya akafikiri. "Simu nitashika. Chai sileti. Na nitakaa kwenye benchi, nimevaa viatu."

Wakapigana kiganja. Safari hii Ifrah alidai masharti yarudiwe kwa sauti, moja moja, na yakarudiwa, watu wakicheka.

Jumapili ya mechi ilikuwa ndefu. Kavinya alikuwa ameamka alfajiri kupokea mzigo, akaenda kanisani akasinzia wakati wa mahubiri, akafika ukumbini miguu yote miwili ikimlalamikia. Aliketi mwisho wa benchi, kamba zimekazwa, simu za wenzake zimelala pajani zikitetemeka kila mara. Aliuangalia mchezo kama anavyoangalia kibanda cha jirani. Tiffany alikimbia, akapiga kulia, akapiga kushoto, akafunga moja nzuri sana. Muthurwa wakafunga moja, kisha nyingine. Kipindi cha kwanza Waringa hakumwita hata mara moja. Mpira uliokwenda nje, wenzake waliurudisha haraka wenyewe. Cha pili nacho kikaanza vilevile, na Kavinya akaanza kudhani kwamba amenunua nafasi ya kukaa.

Muthurwa walicheza kwa viwiko. Faulo zao zikafika tano. Kisha mmoja wao akamvuta Tiffany fulana katikati ya uwanja, refa akapuliza filimbi, akaonyesha alama ya pili.

Waringa aliangalia benchi, akanyanyua mkono.

Kavinya akampa Ndinda zile simu, akaingia. Hakukimbia. Mashabiki wa Muthurwa walimwona anavyochechemea, wakaanza kumwimbia kama bibi kizee: "Shosho! Shosho! Nani amemleta shosho?" Refa akauweka mpira, akarudi nyuma. Kipa wa Muthurwa akatanua mikono, na alikuwa mfupi kuliko Ifrah.

Kavinya hakumwangalia kipa. Aliangalia mahali pa kutua mguu wa kulia, kando ya mpira, kwenye baka moja la saruji lililobanduka rangi. Akaja. Mguu ukatua, ukauma, ukakaa. Wa kushoto ukazunguka.

Haukuwa mkwaju wa kupendeza. Ulimgonga kipa kwenye ugoko, ukabadilisha njia, ukaingia. Mbili kwa mbili. Ukumbi ukalipuka, lakini Kavinya aliposimama akivuta pumzi, Waringa alikuwa tayari anapunga mkono kwa ukali: "Toka! Toka! Tiffany, ingia! Mnangoja nini?"

Akatoka. Mtu alimpiga mgongoni akipita, hakujua ni nani. Akarudi mwisho wa benchi, akanyoosha mguu wa kulia mbele yake, akausikia ukipwita ndani ya kiatu. Ndinda akamsogelea.

"Vua kiatu upate hewa," akamwambia.

"Bado," Kavinya akasema.

Hakulegeza hata kamba. Dakika zilikuwa zimebaki, na wale wa Muthurwa hawakuwa watu wa kuacha kuvuta fulana.